Mbolea ya Ruzuku Trans Nzoia: Maswali Ambayo Wakulima Huuliza Kila Msimu

Maswali haya yamekusanywa kwenye baraza za chifu, kwenye foleni za depo, yaani maghala ya kuuzia mbolea, na katika mikutano ya vyama vya ushirika, kuanzia Endebess hadi Cherangany. Ni yale yale kila mwaka, na mengi huulizwa Aprili, mvua ikiwa imeshaanza na jibu halimsaidii tena aliyeuliza. Yasome Januari. Mifano mingi ni ya mahindi, kwa kuwa ndiyo tunayolima kwa wingi hapa. Kila swali lina nambari, ili pale jambo lilipokwisha elezwa tukuelekeze huko badala ya kulirudia.

## Ruzuku yenyewe

1. Ruzuku ya mbolea ni nini hasa? Je, nitalipwa pesa?

Hulipwi pesa. Serikali hugharimia sehemu ya bei ya mbolea, nawe unauziwa kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani. Ile tofauti ndiyo ruzuku yako. Wapo wanaosubiri ujumbe wa M-Pesa wa kuwaingizia fedha, na kumbe ujumbe unaokuja ni wa vocha, yaani idhini ya kununua kwa bei hiyo nafuu, na mwenye kulipa ni wewe. Kwa hiyo kama huna hata shilingi moja mkononi msimu unapofunguka, vocha peke yake haitakupa mfuko. Anza kuweka akiba ya mbolea siku unayouza mahindi, kabla karo ya shule haijaimaliza.

Neno hili hili hutumika pia kwa fedha za miradi ya vikundi. Hilo ni jambo jingine. Tazama swali la 21.

2. Bei ni ngapi, na ilifikaje hapo?

Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba mifuko milioni 1.4 ingepatikana kwa Sh3,500 mfuko wa kilo 50, kutoka Sh6,500. Agosti 2023 bei ikateremshwa tena hadi Sh2,500.

Ile Sh6,500 haikutokea hapa kwetu. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na bei ya gesi ilikuwa imepanda tangu 2021. Kisha Februari 2022 Urusi, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, ikaivamia Ukraine. Kenya huagiza karibu mbolea yake yote kutoka nje, inashukia Mombasa na kusafirishwa kwa barabara na reli hadi huku juu. Kila kitu kinachotikisika huko nje hutufikia sisi tukiwa wa mwisho, na kikiwa kimeongezewa nauli.

Kwa mkulima wa ekari tatu anayetumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari, hiyo ni mifuko sita. Kwa Sh6,500 ni Sh39,000. Kwa Sh2,500 ni Sh15,000. Hizo Sh24,000 zinazobaki zinaweza kulipa kulima, mbegu na palizi, na ndiyo maana tunalizungumzia jambo hili kwa uzito.

3. Ni ya serikali kuu au ya kaunti?

Mbolea hii ni ya serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo, na likazipa kaunti kazi yenyewe ya kilimo cha mimea na ufugaji. Bodi ya nafaka, NCPB, ambayo maghala yake ndiyo depo zetu, ni shirika la serikali kuu. Afisa wa kilimo wa wadi ni mwajiriwa wa kaunti.

Mgawanyo huu si wa vitabuni tu. Ukienda ofisi ya gavana kulalamika kwamba depo haina mbolea, utasikilizwa kwa heshima na hutapata mfuko. Ukienda depo kuuliza kwa nini mahindi yako yana majani ya zambarau, utaambiwa wao ni wauzaji. Jambo la sajili mpelekee chifu na afisa wa kilimo, jambo la ghala lipeleke depo, na la shamba mwite afisa wa kilimo.

Kaunti nazo zinaweza kuwa na mipango yake. Kakamega na Bungoma, majirani zetu, zimewahi kuwapa wakulima wao mbolea na mbegu kwa fedha za kaunti. Kama unalima pande zote mbili za mpaka wa kaunti, usichanganye mipango hiyo. Kila mmoja una masharti yake.

4. Si hii ilikuwapo zamani?

Ilikuwapo. Mwaka 2007 ulianza mpango wa NAAIAP uliowapa wakulima maskini mbegu na mbolea za kutosha ekari moja, na kwa miaka mingi NCPB iliuza mbolea ya bei nafuu. Kasoro ilikuwa kwamba mwenye lori alifika ghalani kabla ya mwenye jembe. Kilichobadilika mwaka 2023 ni sajili.

## Sajili na vocha

5. Nani anastahili, na anasajiliwa wapi?

Mkulima aliyemo kwenye sajili ya kitaifa inayoitwa KIAMIS. Usajili mkubwa ulifanywa mapema 2023 na machifu na manaibu wao, nyumba kwa nyumba na kwenye baraza. Waliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na unachokilima.

Kama hukuandikwa wakati huo, nenda kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi ukiwa na kitambulisho na simu yako. Nenda wakati foleni hazipo. Desemba na Januari, watu wakiwa bado wanapukuchua mahindi, utahudumiwa kwa dakika chache. Machi utamkuta chifu amezungukwa.

6. Shamba nimekodi. Je, nina haki?

Sajili humtafuta mkulima, haimtafuti mwenye hatimiliki. Huku kwetu, ambako nusu ya mahindi unayoyaona kando ya barabara huenda yamelimwa na mtu aliyekodi, jambo hili lina maana kubwa. Eleza wazi ni ekari ngapi umekodi na ziko wapi. Makubaliano ya kukodi yaliyoandikwa na kushuhudiwa, hata kwenye karatasi ya daftari, hukusaidia mwenye shamba naye akijitokeza kuandikisha ekari zile zile.

7. Mume wangu amefariki, na vocha bado inaingia kwenye laini yake. Nifanyeje?

Pole, mama. Jiandikishe wewe mwenyewe kwa kitambulisho chako na simu yako, na umwombe chifu aondoe jina la marehemu. Kesi ya urithi mahakamani inaweza kuchukua miaka, na mahindi hayasubiri cheti cha mahakama. Tazama swali la 6 kuhusu mkulima na hatimiliki.

Usiendelee kutumia laini ya marehemu ukidhani ndiyo njia fupi. Depo huangalia kitambulisho, na kitambulisho cha marehemu hakifai. Wajane wamerudishwa nyumbani kwa sababu hii baada ya kulipa nauli ya kwenda na gari la kubebea. Wazee wa kijiji na viongozi wa makanisa tungefanya jambo jema kuwakumbusha mapema.

8. Nimesajiliwa lakini vocha haijafika.

Mara nyingi tatizo ni moja kati ya haya: nambari ya simu iliandikwa vibaya, ulibadilisha laini, laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au tarakimu moja ya kitambulisho imekosewa. Mwombe chifu au afisa wa kilimo akusomee kilichoandikwa kwenye sajili, nawe ukilinganishe na kitambulisho ulichoshika mkononi. Usikubali jibu la "uko ndani" bila kusomewa nambari.

Kama ulipoteza simu, rudisha laini ile ile kwa mtandao wako. Ni rahisi kuliko kubadilisha sajili.

9. Mume na mke tunaweza kusajiliwa wote wawili?

Mnaweza, kama kila mmoja ana shamba analolilima. Ekari moja isiandikwe mara mbili.

10. Niliandikisha ekari mbili kwa kuogopa kwamba serikali inataka kututoza kodi. Nalima tano.

Wengi walifanya hivyo, na hofu ile inaeleweka. Mtu anapokuja kuuliza ukubwa wa shamba lako bila kueleza sababu, unajikinga. Lakini idadi ya mifuko hufuata ekari zilizoandikwa. Ukiandikisha mbili, utapata mbolea ya mbili, na hizo tatu nyingine utazinunulia kwa bei ya duka. Rekebisha kabla ya msimu. Aliyeandikisha hamsini huku akilima tano naye arekebishe, kwa kuwa mifuko yake ya ziada ndiyo inayokosekana kwa mwingine.

## Deponi

11. Niende na nini?

Kitambulisho halisi, simu iliyopokea vocha ikiwa na chaji, na pesa kwenye M-Pesa. Malipo hufanywa kwa simu. Anayekuambia umpe noti mkononi ili "akusaidie kulipa" mwache aende zake. Chukua risiti na uitunze hadi uvune. Swali la 17 linaeleza kwa nini.

12. Depo iko mbali, nauli inakula ruzuku yote.

Lalamiko hili ni la haki. Mkulima wa mfuko mmoja aliye kwenye miteremko ya Mlima Elgon anaweza kutumia kwa bodaboda kiasi kinachompunguzia sana nafuu aliyopewa. Serikali imefungua vituo vidogo kupitia vyama vya ushirika na KNTC, shirika la biashara la serikali, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna kilicho karibu nawe kabla ya kufikiria Kitale.

Dawa iliyofanya kazi kwa wengi ni kwenda kwa kundi. Watu kumi na wawili wenye vocha wakikodi pikapu moja, nauli ya kila mfuko hushuka sana, na hata karani wa depo huhudumia kundi lililofika na karatasi zake kamili kwa haraka zaidi. Kila mtu aende mwenyewe na kitambulisho chake. Tuma mmoja aende asubuhi kuhakikisha mbolea ipo kabla hamjakodi gari.

13. Nilitaka DAP, nimekuta NPK. Nichukue?

Soma nambari tatu zilizo kwenye mfuko. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosforasi na ya tatu ni potasiamu, kila moja ikiwa sehemu kati ya mia. DAP ni 18-46-0: katika kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa kipimo cha kiwandani. NPK 23-23-0 ina kilo 11.5 za kila moja kati ya hizo mbili. Ile ya 17-17-17 ina kilo 8.5 za kila moja kati ya zote tatu.

Kwa hiyo mfuko mmoja wa 23-23-0 una nusu ya fosforasi ya mfuko wa DAP. Si mbolea mbaya, na shamba ambalo limepakwa DAP miaka ishirini linaweza kuishukuru. Ila usiseme "mbolea ni mbolea" ukatumia kipimo kile kile bila kufikiri. Kwa mahindi kwenye udongo ulio mchovu wa fosforasi, utahitaji zaidi ya mfuko mmoja kwa ekari ili kufikia kiwango kile kile.

14. Mvua imeanza na mbolea ya ruzuku haijafika. Nisubiri au ninunue dukani?

Nunua ya kupandia, upande.

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa ukali zaidi, na nina sababu. Msimu mmoja mama yangu alisubiri mbolea ya bei nafuu kwa wiki tatu. Jirani yetu, ambaye shamba lake limetenganishwa na letu na ua wa mimea tu, alinunua mfuko dukani akapanda na mvua ya kwanza. Udongo ni mmoja, mbegu ilikuwa moja. Mwezi wa Novemba nilihesabu magunia ya pande zote mbili mwenyewe.

Piga hesabu hivi. Tofauti ya bei ya mfuko mmoja wa kupandia kati ya duka na depo iwe, tuseme, Sh3,000. Mwishoni mwa 2023 NCPB ilikuwa ikinunua gunia la kilo 90 la mahindi kwa Sh4,000. Kwa bei hiyo, ukichelewa na kupoteza gunia moja tu kwa ekari, umeshapoteza zaidi ya ruzuku uliyoisubiri. Na Trans Nzoia hatuna msimu wa pili wa mahindi wa kujirekebishia. Mbegu zetu za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita na zaidi, kuanzia Machi au Aprili hadi karibu mwisho wa mwaka. Anayelima kaunti zenye masika na vuli ana nafasi ambayo sisi hatuna.

Baada ya kupanda, vocha yako iwekee mbolea ya kukuzia. Hiyo hutaihitaji hadi mahindi yafike magotini, wiki sita hivi baadaye, na kufikia hapo foleni huwa zimepungua.

## Shambani

15. Kila mwaka natumia DAP na mahindi yanazidi kudhoofika. Mbolea ya ruzuku imeharibika?

Huenda mbolea ni nzima na udongo ndio umechoka. DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila kurudisha chochote huongeza asidi, na mashamba mengi ya huku na ya Uasin Gishu yamekuwa yakipokea hiyo hiyo tangu enzi za babu zetu. Pima pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo; kadiri nambari inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyo kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuchoma mizizi, na fosforasi unayoinunua hufungwa na udongo isifikie mmea. Unakuwa umelipa Sh2,500 kwa kitu ambacho mmea haukioni. Majani ya zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni dalili ya fosforasi kukosekana, hata kama uliiweka.

Kupima udongo, chimba sehemu kumi hadi kumi na tano ukienda kwa kupindapinda shambani, kina cha sentimita 20, kisha changanya vizuri kwenye ndoo safi na uchukue nusu kilo. Usichimbe palipokuwa na zizi wala palipochomwa taka. Peleka kwenye maabara. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima, na afisa wa kilimo wa wadi atakueleza iliyo karibu. Kama majibu yanasema udongo una asidi, utaambiwa kiasi cha chokaa ya kilimo cha kuweka kwa ekari. Iwekwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na ichanganywe na udongo, isiachwe juu.

Ningependa ruzuku hii ingeipa chokaa uzito ule ule unaopewa mifuko ya DAP. Samadi na mboji nazo hazina foleni.

16. Ya kukuzia: CAN au yurea?

Yurea ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 kwa mfuko. CAN ina asilimia 26, yaani kilo 13. Kwa hesabu ya mfuko, yurea inashinda. Lakini yurea ikimwagwa juu ya udongo na jua likawaka, sehemu yake hupaa hewani kama amonia; lazima uifukie au uiweke mvua ikiwa karibu. CAN inavumilia zaidi, na ina chokaa ndani yake, kwa hiyo haiongezi asidi kama yurea. Kwa shamba lililoelezwa katika swali la 15 ningechagua CAN. Kwa udongo mzuri na mkulima aliye tayari kufukia kila shimo, yurea ni ya faida zaidi.

## Mambo magumu

17. Nitajuaje kwamba mbolea si bandia? Yale ya 2024 yanaweza kurudi?

Machi 2024 ilibainika kwamba kwenye mpango wa ruzuku kulikuwa na mifuko iliyouzwa kama mbolea na haikufikia viwango. Usambazaji wa bidhaa hiyo ulisimamishwa, na serikali ikaahidi kuwapa wakulima waliouziwa mbolea nyingine. Bungeni, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, aliwekewa hoja ya kumng'oa, na kamati maalumu ikamwondolea lawama mwezi Mei. Kwa mkulima aliyekuwa ameshapanda, mbolea mpya ya Mei ilikuwa kumwagilia maji baada ya mche kukauka. Hasira yake ilikuwa halali na bado ni halali.

Unachoweza kufanya mwenyewe: angalia kama mshono wa mfuko umefunguliwa na kushonwa upya, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na pima uzito. Chembe za DAP ziwe sawasawa na ngumu. Weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: DAP huyeyuka karibu yote, na ukiona mchanga mwingi chini, simama hapo. Lakini usiipime CAN kwa njia hii ukaihukumu, kwa sababu ile chokaa iliyomo haiyeyuki, na masalio yake si ushahidi wa udanganyifu.

Hifadhi mfuko mtupu mmoja, kikombe cha mbolea kwenye karatasi iliyofungwa vizuri, na risiti. Mwaka 2024 aliyekuwa na risiti alikuwa na pa kuanzia madai yake.

18. Dalali ameniambia nimpe vocha, anipe pesa kidogo sasa hivi.

Usimpe. Najua shida inayomfanya mtu akubali. Mtoto amefukuzwa shule na huyu ana noti mkononi. Lakini mbolea hiyo huenda ikabadilishwa mifuko na kurudi kuuzwa dukani kwa bei kamili, na polisi wamewanasa watu wakifanya hivyo mara nyingi. Jina lililo kwenye vocha ni lako. Kama huna pesa ya mifuko yote, chukua unayoiweza.

19. Shemeji yangu analima ng'ambo ya Suam, upande wa Uganda. Naweza kumgawia?

Hapana. Ruzuku inalipwa na mlipakodi wa Kenya kwa mkulima aliyesajiliwa Kenya, na kuivusha mpakani ni magendo, hata kama mnatenganishwa na mto tu na mnazikana.

20. Wakubwa wenye ekari mia ndio wanaofaidika, sivyo?

Kwa hesabu, ndiyo. Ruzuku inayopimwa kwa mfuko humpa mwenye mifuko mingi zaidi. Mwenye ekari moja anaokoa kwa mifuko miwili, na mwenye ekari hamsini anaokoa kwa mia moja. Wanaoutetea mpango husema kwamba mahindi ya mkubwa nayo hulisha Nairobi na hushusha bei ya unga. Hoja hiyo ina uzito, ila haimjibu mjane wa swali la 7.

Unaweza kudai takwimu. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Uliza ni mifuko mingapi iliyofika depo yako, tarehe gani, na iligawanywa vipi kwa wadi. Ukiomba majina na nambari za watu binafsi utakataliwa, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda kama inavyokulinda wewe. Jumla za wadi zinatosha kuonyesha kama kuna wadi iliyosahaulika. Barua iandikwe na kikundi, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala mbaki nayo.

Je, mpango umeongeza mavuno? Takwimu za serikali zinaonyesha mahindi yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023. Mbolea ilichangia. Lakini 2022 ulikuwa mwaka wa ukame uliokuwa umeendelea kwa misimu mitano, na 2023 mvua ilirudi. Anayempa mbolea sifa zote anaisahau mvua, na anayeipa mvua sifa zote hajawahi kulima bila mbolea.

21. Kuna msaada mwingine mbali na mbolea?

Upo. Miradi ya kilimo ya NARIGP na baadaye NAVCDP, inayofadhiliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, imepitisha fedha kwa vikundi na ushirika wa akiba katika kaunti kadhaa. Huko mkulima mmoja mmoja hapewi. Anza kwa kujiunga na kikundi kilichosajiliwa.

Upo pia mpango wa bima ya mazao. Ulizinduliwa Machi 2016 kwa kuanzia na Bungoma, Embu na Nakuru, serikali ikilipa nusu ya ada na mkulima nusu. Kuna jambo moja ambalo mawakala hulipitia haraka: bima hii huangalia wastani wa mavuno ya eneo zima. Mvua ya mawe ikipiga shamba lako peke yake na eneo likavuna vizuri, hutalipwa. Uliza mipaka ya eneo lako la bima kabla ya kutia sahihi. Kwa wafugaji wa kaskazini ulianzishwa mpango wa mifugo Oktoba 2015, Turkana na Wajir, ambako serikali ililipa ada yote.

22. Nalima chai. Vocha hii ni yangu pia?

Mkulima mdogo wa chai aliye chini ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai, kwa kawaida hupata mbolea ya chai, NPK 26-5-5, kupitia kiwanda chake, na gharama hukatwa kwenye malipo ya majani. Kama una ekari moja ya chai na mbili za mahindi, andikisha mahindi kwenye sajili kama ilivyoelezwa katika swali la 5, na la chai ulimalizie kiwandani.